Mbele ya kuruka na parashiti, upepo unapimwa namna gani?

Tarehe 24 Novemba 1964, alfajiri, avio za Marekani aina ya C-130 zilipita juu ya Kisangani, wakati ule ikiitwa Stanleyville, zikamwaga wanajeshi wa Ubelgiji zaidi ya 300 karibu na uwanja wa ndege wa Simi-Simi. Miaka kumi na mine kiisha, tarehe 19 Mei 1978, wanajeshi wa Ufaransa nao walishuka na parashiti Kolwezi. Mara zote mbili waliruka kutoka chini sana, metre 200 hadi 250 hivi. Watu husema ilikuwa ju ya kukwepa risasi, ili wasining’inie muda mrefu hewani. Ni kweli. Lakini kuna sababu ingine ambayo haisemwi sana, nayo ni upepo.

Hesabu yake si ngumu. Parashiti ya mviringo ya kijeshi inashuka metre 5 hadi 6 kila sekunde. Kutoka metre 200, mtu anagusa udongo kiisha nusu dakika na kidogo. Upepo wa kilometre 20 kwa saa, kwa muda huo, unamsukuma metre 200 tu. Lakini kama angeruka kutoka metre 1000, upepo ule ule ungekuwa na dakika tatu za kumbeba, na angeanguka kilometre nzima mbali na pale alipotaka: mu mto, mu pori, ao juu ya mabati ya watu.

Siku hizi, wengi wanaoruka si wanajeshi. Ni raia wanaolipa makuta yao kwa kujifurahisha, Ufaransa, Ubelgiji, Marekani, Afrika ya Kusini, na hata hapa jirani kwenye pwani ya Kenya, pale Diani. Wao wanatoka mu avio kwenye metre 4000, wanaanguka kwa dakika moja hivi na mwendo wa kilometre 200 kwa saa, kiisha wanafungua parashiti wakiwa bado juu ya metre 1000. Parashiti yao si ya mviringo. Inafanana na godoro lenye vyumba vinavyojaa hewa, na mtu anaiendesha kwa kamba mbili. Kwa hiyo upepo unawapata mara mbili: wakati wanaanguka, na wakati parashiti imefunguka.

Mtu asiyejua atauliza: leo upepo uko namna gani? Waliozoea wanauliza: upepo wa wapi? Mkaaji wa Goma anaweza kuelewa haraka. Kuna siku moshi wa Nyiragongo unaelekea upande mmoja, wakati nguo alizoanika kwenye parsele yake zinapeperuka upande mwingine. Hewa iko na tabaka, na kila tabaka na mwendo wake. Chini kunaweza kuwa kimya kabisa, majani hayatikisike, wakati kule metre 3000 upepo unakimbia kilometre 50 kwa saa. Mtu akianguka dakika nzima ndani ya upepo kama huo, anasogezwa zaidi ya metre 800 hata kama hausikii.

Ndiyo maana hawaruki moja kwa moja juu ya kiwanja wanapotaka kutua. Wanaruka upande upepo unakotoka, ili wenyewe uwarudishe. Leo meteo ya avio inawapa mwendo wa upepo kwa kila kimo, na GPS inamwonyesha piloti mahali pa kuwasha taa ya kijani. Mbele ya mashini hizo walikuwa na njia ya mikono, ambayo ingali inafundishwa. Wanachukua utepe wa karatasi wa rangi kali, mrefu karibu metre 6, wenye kipande cha chuma upande mmoja. Umetengenezwa ili ushuke pole pole, karibu sawa na mtu kwenye parashiti ya mviringo. Avio inapita juu ya kiwanja, kwenye kimo cha kufungulia parashiti, na utepe unaachiliwa. Unaanguka, tuseme, metre 600 magharibi. Basi watu wataachiliwa metre 600 mashariki. Hakuna kompyuta hapo, ni macho tu, lakini utepe umepita mu upepo wenyewe wa siku ile.

Kazi ya upepo wa juu, basi, ni kuamua mahali pa kutokea. Upepo wa chini ndio unaoamua kama watu wataruka ao hapana.

Ule mfuko mrefu wa kitambaa unaoning’inia kwenye mlingoti pembeni ya viwanja vya ndege si pambo. Ya kawaida imeshonwa hivi kwamba inanyooka kabisa upepo ukifika kilometre 28 kwa saa. Pembeni yake kunakuwa na mashini ya kupima. Marekani, chama cha warukaji kimeweka mpaka kwa wanafunzi wanaoruka peke yao na parashiti ya godoro: kilometre 22 kwa saa, hakuna zaidi. Kwa waliozoea hakuna mpaka wa namna hiyo, wanajihukumu wenyewe, na hapo ndipo penye hatari, ju mtu aliyeruka mara 500 anaona haya kubaki chini wakati wenzake wanapanda.

Namba moja ya kwenye mashini inaweza kudanganya. Upepo wa kilometre 20 usiobadilika ni afadhali kuliko upepo unaolala kwenye 8 kiisha unaruka hadi 28. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na mwendo wake: mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kwa hiyo hawaangalie mara moja na kwenda. Wanakaa dakika nyingi wakitazama tofauti kati ya kutulia na kupiga.

Mwaka 1982, kwenye jangwa la Fort Irwin, California, mazoezi ya jeshi la Marekani yalionyesha inavyokuwa upepo ukizidi. Wanajeshi 6 walikufa, na zaidi ya 100 waliumia. Wengi walikuwa wamekwisha kufika chini. Parashiti zao zilijaa upepo tena na kuwaburuta juu ya mawe. Hilo wengi hawalifikiri: parashiti haijui kama umetua.

Kuna pia upepo uliovunjika. Ukipita juu ya nyumba ao mstari wa miti, nyuma yake unazunguka sawa maji nyuma ya jiwe mu mto. Wafundishaji wanahesabu kwamba mvurugo huo unaweza kufika mara 10 hadi 20 ya urefu wa kitu chenyewe. Nyuma ya miti ya metre 15, basi, hadi metre 300 si pa kuaminia. Parashiti ya godoro inasimama kwa hewa iliyo ndani yake tu. Ikikunjika kwenye metre 20, hakuna muda wa kufanya kitu. Na ule mfuko wa kitambaa, uliosimikwa peupe, hausemi lolote juu ya kinachotokea nyuma ya miti.

Kubaki ni upepo wa mvua. Huu hauhitaji kufundishwa kwa wakaaji wa Kivu. Kabare, mu Kivu ya Kusini, inahesabiwa na wataalamu kati ya mahali panapopigwa radi zaidi duniani, na kila mama wa soko anajua upepo wa baridi unaofika ghafla, unapindua maparasoli, dakika chache mbele ya tone la kwanza. Upepo huo unaweza kutangulia wingu kwa kilometre nyingi. Avio inachukua robo saa na zaidi kupanda metre 4000. Wingu lililokuwa mbali wakati wa kupanda linaweza kuwa limefika wakati wa kutua.

Kwa hiyo kunabaki mtu mmoja chini, na redio mkononi, macho kwenye mfuko. Akisema hapana, mlango unafungwa na avio inashuka na watu wote ndani. Waliolipa wananung’unika, wengine wamesafiri mbali. Wanaambiwa wangoje hadi saa kumi na moja ya jioni, wakati jua limepunguza ukali na mara nyingi upepo nao unalala.