Mwanafunzi Apewe Kazi, Si Kiti

Kila mwaka, vyuo vikuu vifungapo mwaka wa masomo, maelfu ya vijana wetu hutawanyika nchini kwenda kujifunza kazi mahali palipo na kazi. Vyuo huyaita mafunzo kwa vitendo. Vijana wenyewe husema waenda fildi. Muda wake kwa kawaida ni majuma manane hivi. Mmoja huenda kiwandani, mwingine hospitalini, mwingine katika ofisi za halmashauri. Leo twapenda kumtazama yule atajwaye kwa nadra: mwanafunzi wa kompyuta apangiwaye katika ofisi ya huduma za TEHAMA ya chuo, huko Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa.

Wapo watakaouliza, je, Sumbawanga nako kuna chuo kikuu? Naam, kuna. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo chake mkoani Rukwa, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya kimefungua kampasi katika mkoa huo huo. Mkoa uliojulikana kwa mahindi, maharage na ulezi, na kwa barabara ambayo wakati wa masika iliweza kumzuia msafiri njiani siku kadhaa, sasa una wanafunzi wa shahada. Barabara yenyewe, kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, kilometa zipatazo 224, imekwisha kutiwa lami.

Lakini chuo cha siku hizi si majengo na walimu peke yake. Mwanafunzi huomba nafasi kwa mtandao, hujiandikisha kwa mtandao, hulipa ada kwa namba aliyopewa na mtandao, na matokeo yake huyasoma huko huko. Mwanafunzi wa Chuo Huria aishiye kijijini, aliye mwalimu wa shule au karani, hupata hata masomo yenyewe kwa njia hiyo. Mtandao ukikatika, chuo kimefungwa, ijapokuwa milango iko wazi. Basi watu wachache walio katika kile chumba chenye waya nyingi ndio washikao ufunguo wa chuo.

Kazi yao si ya fahari. Kutwa ni kumsaidia aliyesahau neno lake la siri, kuondoa karatasi iliyokwama katika printa, kukata waya na kuubana kichwa chake, kupanda ngazi kutafuta ni wapi panya amekula. Na huku Ufipa pana jambo jingine, nalo ni umeme. Kwa miaka mingi mkoa huu haukuunganishwa na gridi ya Taifa. Ulipata umeme kutoka Zambia, pamoja na ule wa mashine za mafuta, na ndiyo maana ya ile njia kubwa ya kilovolti 400 iliyopangwa kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga. Fundi wa kompyuta wa Sumbawanga hujifunza habari za betri za akiba kabla ya kujifunza mambo makubwa.

Tuchukue mfano. Mhadhiri aingia ofisini, uso umekunjamana.

“Mwanangu, mashine yangu imekufa, na matokeo yatakiwa kesho.”

“Shikamoo, mama. Ilikufa lini?”

“Marahaba. Tangu umeme ulipokatika jana.”

Kijana amfuata, ainama chini ya meza, aona betri ya akiba ilijizima na haikuwashwa tena. Abonyeza mara moja, mashine yaamka. Mama astaajabu kana kwamba ameona mazingaombwe. Wenyeji husema kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni “tupa uchawi”, nasi twaona ushauri huo wafaa sana katika ofisi zetu, kwani wengi huiogopa kompyuta kama kitu cha mganga. Kijana aliyefunzwa vema hamwachi mama katika mshangao wake. Humwonyesha kile kitufe, ili mara nyingine asihitaji kumwita mtu.

Darasani kijana huyo alifundishwa jinsi habari zinavyosafiri katika mtandao. Hakufundishwa kumsikiliza mtu mwenye hofu na haraka, wala kuuliza swali moja la maana kabla ya kugusa chombo. Mambo hayo hayapatikani ila kwa kufanya.

Kwa bahati mbaya ziko ofisi ambazo hupokea vijana wa fildi na kuwapa kiti. Juma la kwanza kijana aambiwa aangalie; juma la pili atumwa chai; juma la tatu atoa fotokopi; na juma la nane msimamizi atia saini daftari la kazi ambalo hakulisoma. Husemwa kwamba ataharibu vyombo. Sisi twajibu, aharibu nini akiwa na mkubwa wake kando? Apewe kompyuta mbovu iliyotupwa stoo, aifungue mpaka mwisho.

Tena, muda huo wagharimiwa. Mwongozo wa Bodi ya Mikopo umewahi kuweka shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56, yaani shilingi 560,000 kwa kijana mmoja. Hizo ni fedha za umma, na kijana atazilipa. Asiye na mkopo hutegemea magunia ya mahindi ya babaye.

Taifa letu limekwisha kuonja uchungu wa mashine bila mafundi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine zilizofuata zikapewa kazi kubwa ya hesabu, ilhali wenye kuzijua walikuwa wachache na wengi wao wageni. Hesabu zikavurugika, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hayo yalikuja kulegezwa baadaye. Mwaka huo huo wa 1974 ndipo mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa, na mwaka huo huo Azimio la Musoma likataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Utaratibu huo nao uliachwa, na hatusemi urudishwe. Lakini swali lililouzaa lingalipo: msomi aijue kazi lini?

Na Ufipa ina jibu la kale. Katika nchi hiyo yangalipo masalio ya malungu, tanuri za udongo zenye kimo cha kumpita mtu, ambamo Wafipa waliyeyushia mawe ya chuma kwa nguvu ya upepo wa asili, bila mivukuto. Kisha chuma kikasafishwa katika tanuri ndogo yenye mivukuto. Kazi hiyo ilififia zama za ukoloni, majembe ya ng'ambo yalipoenea. Ujuzi ule haukuandikwa kitabuni. Ulipita kutoka mkono hadi mkono, mbele ya moto.

Hapo ndipo tunapoona hasara ya pili, ambayo wakuu wa ofisi hawaihesabu. Kijana aliyefanya kazi kweli kweli hujua waya upi waenda chumba kipi, swichi ipi huzimika mvua inyeshapo, na printa ipi hukataa karatasi fulani. Mwezi wa Septemba hufunga begi lake na kuondoka na yote hayo kichwani. Twawaomba wasimamizi, katika juma lake la mwisho, wampe karatasi kubwa na kalamu, achore mchoro wa waya zote za jengo alizozigusa, aandike na tarehe, nao ubandikwe ukutani. Wanafunzi wapya watakapofika na kupanga foleni ya kujiandikisha, na mtandao ukakatika saa nne asubuhi, atakayeingia katika chumba kile awe na pa kuanzia.