Bustani ya ghorofa: Kila mmea na daraja lake

UHABA wa ardhi haujawazuia wakazi wa mijini kujikuzia chakula. Mnamo 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu, shirika la Solidarités kutoka Ufaransa lilianza kuwasaidia wakazi wa Kibera jijini Nairobi kupanda sukuma wiki na spinachi katika magunia yaliyojazwa udongo na kutobolewa ubavuni. Nafasi ya gunia moja mlangoni iligeuka shamba.

Vyungu vya plastiki vinavyopangwa kimoja juu ya kingine hufuata wazo lilo hilo. Kila chungu huwa na vifuko vitatu au vinne vinavyochomoza kando, na kila kifuko hubeba mche mmoja. Vyungu vitano vyenye vifuko vinne hukuza miche 20 mahali ambapo ndoo moja ingetua. Humo hupandwa stroberi, dania, mnanaa, rozmari, mrehani na vitunguu vya majani.

Hata hivyo, wengi walionunua vyungu hivi wameishia kuvitupa baada ya miche ya juu kukauka na ile ya chini kuoza. Chanzo cha hasara hiyo aghalabu si mbegu wala mbolea, bali mwendo wa maji.

Maji hunyunyiziwa juu kabisa, kisha huteremka kupitia matundu hadi chungu cha chini. Daraja la juu hupigwa na jua na upepo, hivyo hukauka upesi. La chini hukaa kivulini na kupokea maji yaliyochujika kutoka madaraja yote. Kwa hivyo, bustani moja huwa na hali mbili au tatu tofauti za hewa.

Mkulima mwerevu hupanga mimea yake kwa kufuata hali hizo. Rozmari na oregano, ambazo hustahimili ukavu na huchukia mizizi kulowa, hukaa juu. Stroberi na mrehani hufaa madaraja ya kati. Dania, ambayo huharakisha kutoa maua joto linapozidi, pamoja na mnanaa unaopenda unyevu, huwekwa chini. Mnanaa upewe chungu chake pekee, maana mizizi yake hutambaa na kuzisonga jirani zake.

Stroberi huhitaji uangalifu zaidi. Mizizi yake haiendi mbali ardhini, na ndiyo sababu huridhika na chungu kidogo. Lakini kwa sababu iyo hiyo, siku mbili za kiangazi bila maji huweza kuidhoofisha. Huhitaji jua la saa sita au zaidi kwa siku, na udongo wenye asidi kidogo, wa pH kati ya 5.5 na 6.5. Mchanganyiko wa sehemu mbili za udongo tifutifu, moja ya samadi iliyooza vyema na moja ya mchanga hufaa.

Wakati wa kupanda, kitovu cha mche, yaani mahali majani yanapochipukia, kibaki sawa na uso wa udongo. Kikifukiwa huoza, kikiachwa juu mno, mizizi hukauka. Vitawi vinavyotambaa vikatwe ili nguvu ya mmea iende kwenye matunda. Vichache vinaweza kuachwa vitie mizizi na kuwa miche mipya, kwa kuwa mimea hupunguza mazao baada ya miaka miwili au mitatu. Tunda lichumwe likiwa jekundu kote, kwani haliongezi utamu baada ya kuchumwa.

Hali ya hewa nayo ina usemi. Nyanda za juu kama vile Limuru na Nyeri, pamoja na Nairobi kwenyewe, zina baridi inayoifaa stroberi. Mkazi wa Mombasa atapata faida zaidi kwa mrehani na mnanaa.

Suala la maji ni zito kwa familia nyingi. Mgao ulianza Nairobi Januari 2017 maji yalipopungua katika bwawa la Ndakaini, na kuhifadhi maji kwenye mitungi ni jambo la kawaida mitaani. Karai likiwekwa chini ya vyungu hukinga maji yanayochuruzika, nayo yakarudishwa juu siku ifuatayo. Maji ya kuoshea mchele au mboga pia hufaa, ila ya mtaro wa majitaka yaepukwe kabisa kwani hubeba vijidudu na kemikali.

Aidha, vyungu vizungushwe robo duara kila baada ya siku chache ili pande zote zipate jua. Kwenye roshani, uzito usipuuzwe. Lita moja ya maji pekee ina kilo moja, na vyungu vitano vyenye udongo uliolowa huweza kumzidi mtu mzima. Visimame karibu na ukuta, vikishikiliwa na mhimili katikati.

Asiyemudu vyungu vya dukani anaweza kutumia ndoo kuukuu za mafuta ya kupikia, akizitoboa chini na ubavuni. Ni heri aanze na ndoo mbili, achunguze ni ipi inayokauka kwanza, kisha ndipo aongeze ya tatu.