Mturituri: Jani la Kikohozi, Mbegu ya Rozari

Katika vichaka vya Gongo la Mboto, na zaidi tukielekea Pugu na Kisarawe, huota mmea mwembamba utambaao na kujisokota juu ya miti mingine. Vijani vyake ni vidogo, vimepangika jozi kwa jozi. Maganda yake yakikauka hupasuka, na ndani huonekana mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Huo ndio mturituri, ambao wataalamu wa mimea huuita Abrus precatorius. Jina hilo la pili latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kusali, kwa kuwa tangu kale mbegu hizo zimetungwa kuwa rozari.

Wazee wetu waliutambua mturituri kwa utamu wa majani yake. Hutafunwa mabichi, au huchemshwa na maji yake kunywewa, ili kutuliza kikohozi na koo linalowasha.

Mbegu, hata hivyo, si dawa ya kujitibu nyumbani. Ndani yake mna sumu kali iitwayo abrini, izuiayo chembe hai za mwili kutengeneza protini. Mbegu nzima ikimezwa, ganda lake gumu mara nyingi huifungia sumu hiyo. Bali ikitafunwa, ikipondwa au ikitobolewa, kinga hiyo huondoka. Nayo mbegu ya rozari imekwisha kutobolewa! Mtoto akiitafuna hata moja tu, maisha yake yamo hatarini. Kutapika na kuhara damu huweza kuanza baada ya saa kadhaa, pengine siku. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hiyo. Basi tusingoje dalili, tumwahishe hospitali pamoja na mbegu zilizosalia.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, hutufundisha kuziheshimu dawa zitokazo ardhini, na tabibu vilevile. Hivyo, kikohozi kikidumu wiki mbili, tuyaache majani, twende kituo cha afya tukapimwe kifua kikuu. Na rozari ya turituri isivishwe mtoto shingoni wala kuachwa mahali anapoifikia. Thamani ya Rozari Takatifu imo katika sala. Punje za mti au za plastiki zatosha kwa mikono midogo.