Kinoo cha Wembe wa Akika
Ni sunna kumnyoa mtoto siku ya saba, na utosi wake ungali laini. Kwa hiyo wembe wa kukunja hutaka kinoo cha kumalizia kilicho laini mno. Jamaa zetu wa Nuu, Kitui, wasiokote jiwe lolote mlimani: miamba mingi ya huko ina chembe kubwa ngumu, hukwaruza makali. Kwanza tumieni kinoo cha namba 1000, kisha cha 8000 au zaidi. Kilowesheni, mlaze wembe ubapa, mgongo na makali viguse jiwe, makali yakitangulia. Malizeni kwa mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia. Uchemsheni kabla ya kunyoa. Asiyekipata kinoo hicho, bora anunue wembe mpya kuliko kumtoa mwanawe damu.