Shimo la Chicago

Mtu aliyepita mahali ambapo mto wa Chicago wagusana na Ziwa Michigan, katika miaka iliyofuata 2008, aliona shimo la mviringo, kina chake futi 76. Juu yake ilikusudiwa kusimama nyumba ya orofa 150, urefu wake futi 2,000, ndefu kuliko nyumba zote za Marekani. Tena si ya ofisi, bali ya kukaa watu. Mchoraji wake alikuwa Santiago Calatrava, Mhispania, naye aliichora ikijisokota mithili ya pembe ya pofu. Garrett Kelleher, tajiri wa Ireland, aliishika kazi hiyo mwaka 2006, na mwaka uliofuata wachimbaji wakaanza. Makao yapata 1,200 yalitangazwa hata ng'ambo. Mtumishi wa kufagia njia zile hakutangaziwa.

Mwaka 2008 mambo ya fedha yalichafuka duniani, na kazi ikasimama. Benki ya Ireland iliyokopesha fedha ilichukuliwa na Serikali ya nchi hiyo mwaka 2009, hata deni la tajiri mmoja likawaangukia walipa kodi ambao hawakupata kuliona ziwa lile.

Ndugu msomaji, hapa ndipo jambo linapotugusa sisi wafanya kazi. Mwishoni mwa mwaka huo huo mwenye jengo aliiendea mifuko ya malipo ya uzeeni ya vyama vya wafanya kazi, akitaka mkopo wa dola milioni 170. Si haki kuwacheka viongozi waliokubali kumsikiliza, kwani waashi na mafundi chuma wengi walikuwa wamekaa bure, na jengo lile lingaliwapa kazi kwa miaka kadhaa. Lakini akiba ya mzee aliyebeba matofali miaka thelathini haikuwekwa ili kuokoa roshani za matajiri. Mazungumzo yale hayakuzaa kitu, nasi twaona ni heri.

Jirani na shimo kuna kiwanja ambacho Harold Washington, Meya Mweusi wa kwanza wa mji huo, alikitenga mwaka 1987 kiwe bustani ya kumkumbuka DuSable, mtu Mweusi aliyekuwa mkazi wa kwanza wa kudumu pale miongoni mwa wageni. Kampuni ya mnara iliahidi kuichangia. Ahadi ilizama pamoja na mnara.

Kiwanja cha shimo kilipata mwenyewe mwingine mwaka 2014. Mwaka 2024 ulianza kujengwa hapo mnara wa orofa 72, wenye makao 635 ya kupangisha, na katika hayo 127 yamewekwa kwa watu wenye kipato kidogo.