Kununua ufuko wa ziwa: koperative inapata nini hasa?

Katika mafunzo yetu, kuanzia Kavimvira na Kalundu hadi Makobola, na kusini zaidi kwa ndugu wa Swima, Mboko na Baraka, swali moja halikosi. Koperative ya wavuvi, au ya wamama wanaokausha ndakala, imekusanya makuta kidogo kidogo kwa miaka. Sasa amejitokeza mtu mwenye kipande cha ufuko na anasema yuko tayari kuuza. Tununue, ao tuache?

Tunaielewa haraka hiyo. Ndakala huvuliwa usiku kwa taa, zinafika asubuhi, na siku hiyohiyo lazima zianikwe. Jua likikosa, au mvua ya Aprili ikianza saa nne, kazi ya usiku mzima inaoza mchangani. Dawa yake inajulikana: vichanja vilivyoinuliwa juu ya ardhi, turubai la kufunika, na depo ndogo ya kuwekea samaki wakavu na nyavu. Lakini nani atajenga vichanja na depo mahali anapoweza kufukuzwa kesho? Ndiyo maana wengi wanaendelea kuanika chini, huku wanalipa beseni hii na ile kwa mwenye ufuko. Kuwa na mwalo wenu wenyewe ni jambo kubwa. Kwa hiyo hatutasema msinunue. Tunataka kwanza muelewe kinachouzwa.

Tuanze na neno lenyewe, kununua. Katika Kongo hakuna mtu anayeuza udongo. Tangu sheria ya Bakajika ya mwaka 1966, na hasa tangu sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, udongo wote ni mali ya Serikali peke yake. Mtu anaweza kupewa haki ya kuutumia, na haki hiyo ndiyo anaweza kuipitisha kwa mwingine. Haki yenyewe inathibitishwa na hati moja tu, ile ya kuandikishwa, ambayo watu wanaiita sertifika, na inatolewa na konsevateri wa hati za ardhi. Karatasi ya mauzo yenye muhuri wa chefu wa lokalite siyo hati hiyo. Hata muhuri wa mwami hauigeuzi kuwa hati hiyo.

Hapa wazee wanatukatiza, na wana haki. Wanasema: ardhi ya Bavira iko ya Bavira, ya Bafuliiru iko ya Bafuliiru, na mtu hupewa shamba na chefu, hapewi na ofisi. Ndivyo watu wanavyoishi kweli. Sheria ya 1973 yenyewe iliahidi kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi wanazozikalia kwa desturi zingepangwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Miaka ikapita, makumi ya miaka, amri hiyo bila kutoka. Kwa hiyo ardhi moja ina milango miwili: wa desturi na wa ofisi. Koperative inayopita mlango wa desturi peke yake inakaa vizuri na majirani hadi siku anapofika mtu mwenye hati. Inayopita mlango wa ofisi peke yake inapata hati nzuri na vijana wenye hasira ufukweni. Ushauri wetu ni kupita yote miwili, tena kuanza na ule wa desturi.

Kabla ya mlango wowote, jueni kipande kiko wapi. Tangu Uvira ifanywe mji, sehemu iliyokuwa ya sheferi imeingia katika makomuni ya mji, na taratibu za ardhi ya mjini si sawa na za mashambani. Jambo hili linaonekana dogo, lakini makuta yanayolipwa kwenye ofisi isiyohusika hayarudi.

Sasa tumtazame muuzaji. Atasema: "Kiwanja iko ya babu yangu, hakuna mutu atasema kitu." Pengine ni kweli. Lakini ufuko wetu una historia yake. Wakati wa vita vya 1996 na 1998 watu wengi wa Fizi na Uvira walivuka ziwa. Maelfu waliishi Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 huko Kigoma, na kuanzia mwaka 2005 meli zikaanza kuwarudisha Baraka. Wengi waliporudi walikuta shamba lina mtu mwingine, wakati mwingine mtu aliyenunua kwa nia njema kabisa kutoka kwa mjomba au kwa jirani. Wengine hawajarudi hadi leo. Kwa hiyo, "hakuna mutu atasema kitu" maana yake yaweza kuwa: mwenye kusema yuko Tanzania. Ulizeni majirani wa pande zote, na mwulize kila mmoja peke yake, siyo katika mkutano ambapo muuzaji ameketi mbele. Ulizeni nani alikuwa akilima hapo kabla ya vita. Ulizeni pia kama muuzaji ana ndugu wa kike, maana mabinti husahauliwa siku ya kuuza na hukumbukwa siku ya kesi.

Kama muuzaji ameoa, au ni mama aliyeolewa, wote wawili waweke sahihi. Tangu sheria ya familia irekebishwe mwaka 2016, kupitisha haki ya ardhi kunataka kukubali kwa mume na mke, hata wawe wamechagua mpango gani wa mali katika ndoa yao. Mzee akisema mke wake hajui kusoma, mke aweke kidole mbele ya mashahidi, akiwa amesomewa karatasi kwa lugha anayoisikia.

Kwa ardhi ya mashambani isiyo na hati, sheria inadai uchunguzi kabla ya kuitoa kwa mtu yeyote. Watu wengi wanaona uchunguzi huo kama njia ya kuombwa makuta, na mahali pengine ndivyo unavyotumika. Ukifanywa sawasawa, ndiyo kinga kubwa kuliko zote. Anayeufanya anapaswa kuhakikisha mipaka, kuhesabu watu wanaokaa hapo au wanaofanya kazi yoyote hapo, kuandika vilivyomo, kama vijito, njia na miti, kusikiliza malalamiko ya mdomo, na kupokea yale ya maandishi. Neno "kazi yoyote" ni muhimu kwa ufuko. Mama anayeanika ndakala zake hapo kila siku anahesabiwa. Mvuvi anayefungia mtumbwi hapo anahesabiwa. Njia ya watoto wanaokwenda kuteka maji inaandikwa. Koperative isikubali kuletewa ripoti iliyoandikwa mezani. Wanachama wawepo siku ya kupima, na watembee na mpimaji hadi kona ya mwisho.

Tunakuja kwenye jambo linaloharibu koperative nyingi zaidi ya wauzaji wa uongo: jina litakaloandikwa kwenye hati.

Sheria inatoa konsesio ya kudumu kwa Mkongomani, mtu mwenye mwili na damu, basi. Shirika, hata liwe la Wakongomani watupu, linapata konsesio ya kawaida, isiyozidi miaka 25, ambayo inaweza kufanywa upya. Kwa hiyo kuna mtu atasimama katika mkutano na kusema: tuandike kwa jina la prezida wetu, tutapata ya kudumu, kuliko hii ya miaka 25. Hesabu inaonekana nzuri. Lakini hati ikiwa kwa jina la prezida, mwenye haki mbele ya korti ni prezida. Akifa, ni wajane na watoto wake. Akidaiwa, mdai wake anaweza kuutafuta mwalo wenu. Watoto hao si wezi, wao wanaona jina la baba yao kwenye karatasi. Sisi tunachagua miaka 25 kwa jina la koperative, bila kusita.

Lakini ili koperative iandikwe, lazima iwepo kisheria. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na tangu hapo koperative zinafuata sheria ya pamoja ya OHADA iliyopitishwa Lomé mwaka 2010. Koperative nyepesi inahitaji watu 5 tu kuanza, ile yenye baraza la uongozi inahitaji 15. Zote zinapata uhai wa kisheria zikiandikishwa kwenye rejista ya koperative. Kama bado mnatumia karatasi ya zamani ya chama cha maendeleo, malizeni hilo kwanza. Ufuko utangoje.

Halafu maji. Kitanda cha ziwa ni mali ya umma, hakiuzwi na hakitolewi kwa mtu. Na ziwa letu halikai mahali pamoja. Kila mwaka maji hufika juu kabisa karibu na Aprili na Mei, mwisho wa mvua, na kushuka kabisa karibu na Oktoba na Novemba. Muuzaji mjanja anawaita Oktoba, mchanga ukiwa mpana na mzuri. Zaidi ya hapo kuna miaka ya kupanda kweli. Wazee wanaikumbuka 1964. Vijana wameiona 2020, 2021 na 2024, maji yalipoingia katika nyumba huku Uvira na kule Gatumba upande wa Burundi. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na mlango huo ni mwembamba. Maji yakizidi, yanakuja kwetu. Kwa hiyo nendeni kukitazama kipande mwezi wa Mei. Mwulizeni jirani awaonyeshe ukutani au kwenye mti maji yalipofika mwaka 2024, na kuanzia alama hiyo kwenda nchi kavu pimeni nafasi ya depo. Kilicho chini ya alama hiyo ni mahali pa kuvutia mitumbwi, na bei yake isiwe bei ya mahali pa kujenga.

Mkishapata kipande, hamkupata samaki. Mwenye ufuko hana haki ya kumfukuza mvuvi aliye majini mbele yake, wala kudai sehemu ya ndakala kwa sababu taa zilikuwa karibu na mchanga wake. Kibali cha kuvua kinabaki kutafutwa kwenye huduma ya uvuvi, na nyavu zilizokatazwa zinabaki zimekatazwa hata ukizivutia kwenye mwalo wako mwenyewe. Ni vilevile kwa wale wanaotuuliza kuhusu vilima vya nyuma, wakitaka ardhi ya kuwinda. Wanyama hawaendi pamoja na shamba. Sheria ya uwindaji ya 1982 inadai kibali, na kiboko wa Ruzizi anayekula mihogo yako hakuwi wako kwa sababu amelala katika shamba lako. Kupanda juu zaidi mnaingia Itombwe, hifadhi iliyoundwa mwaka 2006. Kwa msitu ulio nje ya hifadhi kuna njia nyingine kabisa: kijiji kuomba konsesio ya msitu ya jamii, chini ya dekri ya 2014, hadi hekta 50,000, bila kununua. Hiyo inahitaji makala yake.

Tunarudi kwa ndakala. Nchi nne za ziwa zimekubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Kipindi hicho ni kigumu kwa nyumba nyingi, hatutapamba. Lakini kwa jambo hili kinafaa: wavuvi wako nyumbani, majirani wako nyumbani, na Mei maji yako juu. Koperative inayofikiria kununua ichague watu wanne, wawili wao wamama wanaoanika, iwape kazi ya kuzunguka kwa majirani na kwa wazee wa lokalite kabla ya Agosti. Makuta yabaki kwenye sanduku hadi warudi na majibu, na muuzaji asipewe avansi yoyote, hata akisema kuna mfanyabiashara wa Bukavu anangoja mlangoni.