Walimfunga bingwa nje ndani, wakaponea tundu la sindano: Kisa cha Kagera Sugar

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

KWA mashabiki wa soka mkoani Kagera, msimu wa 2018/19 umebaki kuwa kitendawili. Ndani ya wiki tatu tu, kati ya Aprili na Mei 2019, Kagera Sugar iliifunga Simba mara mbili: 2-1 katika Uwanja wa Kaitaba mjini hapa, kisha 1-0 jijini Dar es Salaam. Simba hiyo ndiyo iliyotwaa ubingwa wa Tanzania Bara msimu huo.

Ligi ilipomalizika, Wanankurukumbi hao, kama wanavyojulikana kwa mashabiki wao, walikuwa katika nafasi ya 18 kati ya timu 20. Stand United na African Lyon, zilizokuwa chini yao, zilishuka daraja moja kwa moja. Kagera Sugar ikalazimika kucheza mechi za mchujo dhidi ya Pamba ya Mwanza, timu iliyokuwa ikitafuta nafasi ya kupanda, na ikanusurika.

Timu iliyovuna pointi sita kwa bingwa inafikaje katika mchujo wa kushuka daraja? Swali hilo lina uzito zaidi leo, kwani kilichoepukwa mwaka 2019 kilitokea mwaka 2025. Kagera Sugar ilimaliza Ligi Kuu ya NBC msimu wa 2024/25 katika nafasi ya 15 kati ya timu 16 na kushuka pamoja na KenGold, baada ya takriban miaka 20 katika ligi hiyo.

Jibu la kwanza ni la hesabu, nalo halina huruma. Pointi tatu za kumfunga bingwa hazizidi hata chembe pointi tatu za kumfunga anayeburuta mkia. Timu inayoshinda mechi moja na kupoteza mbili huvuna pointi sawa na ile inayotoka sare tatu mfululizo, ingawa ya kwanza huandikwa kurasa za mbele na ya pili hakuna anayeikumbuka. Kwa mwendo huo, mechi 30 huzaa pointi 30, kiwango ambacho mara nyingi huiacha timu ukingoni mwa shimo.

Msimu wa 2018/19 ulikuwa na mechi 38 kwa kila timu. Ukiziondoa mbili za Simba zinabaki 36, na humo ndimo Kagera Sugar ilimovujisha pointi. Mechi kubwa hujihamasisha zenyewe: uwanja hujaa, redio husimulia, na mchezaji hujua kuwa bao moja linaweza kumpatia mkataba Dar es Salaam. Mechi ya mchana wa jua kali, ugenini, mbele ya mashabiki wachache, haina msaada huo. Hapo ndipo hupimwa mazoezi, upana wa kikosi na utulivu wa benchi la ufundi.

Haikuwa mara ya kwanza kwa Kagera Sugar kuonekana kubwa mbele ya wakubwa. Mei 19, 2018, Simba ilikuwa tayari bingwa na haijapoteza mchezo wowote wa ligi msimu huo. Rais wa wakati huo, John Magufuli, alikuwapo Uwanja wa Taifa kukabidhi kombe. Edward Christopher aliifungia Kagera Sugar bao pekee, na kipa Juma Kaseja, aliyewahi kuwa nguzo ya Simba yenyewe, akaupangua mkwaju wa penalti wa Emmanuel Okwi. Simba walikabidhiwa kombe lao wakiwa wamefungwa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, ushindi wa Kagera Sugar ulizua mtafaruku hadi Shirikisho la Soka Tanzania (TFF). Aprili 2, 2017 iliifunga Simba 2-1 pale Kaitaba. Simba ikakata rufaa ikidai beki Mohamed Fakhi alicheza akiwa na kadi tatu za njano. Kamati ya Saa 72 ikaipa Simba pointi, kisha Kamati ya Katiba, Sheria na Hadhi za Wachezaji ikazirejesha Kagera. Mwisho wa msimu Yanga na Simba zililingana kwa pointi 68, na Yanga ikawa bingwa kwa tofauti ya mabao. Kwa maneno mengine, mchezo mmoja uliochezwa kando ya Ziwa Victoria uliamua kombe liende mtaa gani wa Kariakoo.

Lakini msimu huo wa 2016/17 ulikuwa na jambo jingine ambalo kelele za rufaa ziliufunika umuhimu wake. Kagera Sugar ilimaliza nafasi ya tatu. Kocha alikuwa Mecky Mexime, aliyetokea Mtibwa Sugar. Timu ilikuwa imerejea nyumbani, baada ya kulazimika kutumia Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi mjini Tabora wakati Kaitaba ikiwekwa nyasi bandia. Mbele alikuwapo mfungaji kijana, Mbaraka Yusuph. Kocha mmoja, uwanja wa nyumbani na mshambuliaji wa kutegemewa: msimu huo vyote vitatu vilikutana.

Havikukaa pamoja muda mrefu. Baada ya msimu huo Mbaraka alihamia Azam FC. Mwaka 2021 Yusuph Mhilu, mfungaji mwingine aliyeng'ara akiwa Kagera, alisajiliwa na Simba. Hakuna wa kulaumiwa katika hilo. Klabu ya mkoani haiwezi kumzuia mchezaji anayeitwa na wakubwa. Hata hivyo, kila anapoondoka mfungaji, timu huanza upya kutafuta mabao, na kipindi hicho cha kutafuta ndicho sare hugeuka vipigo.

Mexime naye aliondoka mwaka 2021, nafasi yake ikachukuliwa na Mkenya Francis Baraza. Mexime akarudi mwaka 2022, kisha akaondoka tena. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hapo ndipo penye mzizi wa yaliyofuata. Timu isiyo na fedha za kununua nyota hulindwa na mazoea: mabeki wanaofahamiana na kocha anayewajua.

Msimu wa 2024/25 hayo yalikosekana. Mganda Paul Nkata alianza msimu lakini hakumaliza hata mzunguko wa kwanza. Akafuata Mmarekani Melis Medo, naye hakufika mwisho. Timu ikakabidhiwa Juma Kaseja, yule kipa wa penalti ya Okwi, ambaye safari hii alikuwa nje ya mstari na hakuwa na mkono wa kunyoosha. Makocha watatu katika mechi 30 maana yake ni wastani wa mechi 10 kwa kila mmoja, muda usiotosha kupanga safu ya ulinzi ikatulia.

Matokeo dhidi ya wakubwa yanaeleza mengi. Yanga ilishinda 2-0 Kaitaba Agosti 2024, kisha 4-0 Dar es Salaam Februari 2025. Simba ilishinda 5-2 Kaitaba Desemba 2024, na 1-0 katika mchezo wa mwisho wa Kagera Sugar msimu huo. Mechi nne, mabao 12 ya kufungwa, mawili ya kufunga, pointi sifuri. Mwaka 2019 pointi za Simba ziliziba matundu ya kwingineko. Safari hii kiraka hakikuwapo, na matundu yalikuwa yaleyale.

Hasara haiishii kwenye msimamo wa ligi. Ujio wa Simba au Yanga Bukoba ulijaza nyumba za wageni na kuwapa kazi waendesha bodaboda na mama lishe. Mashabiki walitoka Karagwe, Muleba, Biharamulo na hata Ngara, ambako safari ya Kaitaba humaliza karibu siku nzima barabarani. Shabiki wa Bukiriro ana uhusiano na timu hii ambao hautajwi sana: maji ya Mto Kagera yanayopita Rusumo, wilayani kwake, ndiyo yanayomwagilia mashamba ya miwa ya Misenyi, kilipo kiwanda kinachoimiliki klabu.

Njia ya kurudi inafahamika. Timu mbili za juu za Ligi ya Championship hupanda moja kwa moja, nyingine hupitia mchujo. Ligi hiyo haina Simba wala Yanga. Yote ni mechi za aina ileile iliyoisumbua Kagera Sugar, viwanja vya mbali na majukwaa matupu. Mtibwa Sugar, ndugu zao wa miwa na mabingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000, walishuka mwisho wa msimu wa 2023/24 na wakapanda baada ya msimu mmoja tu, wakiwa mabingwa wa Championship. Walirejea Ligi Kuu msimu uleule ambao Kagera Sugar ilikuwa ikiondoka.